Uji wa mtoto: mwezi wa nne, miezi sita, au tusubiri kidogo?

Mtoto akikaribia miezi minne, nyumba nyingi hapa Dodoma hugeuka baraza. Bibi anasema mjukuu ana njaa, kwani hamuoni anavyotafuna ngumi? Nesi wa kliniki amesisitiza miezi sita, hata maji asionje. Jirani ana mtoto wa miezi minane anayenyonya tu na amenona vizuri, kwa hiyo anawashangaa wote kwa haraka yao. Mama mwenyewe likizo imekwisha, na hajui amsikilize nani.

Bibi hasemi jambo la kubuni. Hadi mwaka 2001, ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulikuwa mtoto aanze chakula kati ya miezi minne na sita. Mwaka huo ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha miezi sita ya maziwa ya mama pekee, na huo ndio mwongozo unaofuatwa na kliniki zetu leo. Kwa hiyo anayebishana na mama mkwe aliyelea watoto miaka ya themanini anabishana na ushauri wa zamani uliokuwa halali wakati wake. Ukilijua hilo, sauti inashuka kidogo.

Njia ninazolinganisha ni tatu. Ya kwanza ni kuanza mapema, mtoto akiwa na miezi minne kamili na kuendelea, kabla ya sita. Ya pili ni kuanza anapotimiza miezi sita, yaani siku 180. Ya tatu ni kusubiri hadi wa saba, wa nane au zaidi. Chini ya miezi minne sijaiweka kwenye mizani: utumbo na figo bado ni changa, na miongozo yote ninayoijua inaikataa. Uji mwepesi wa wiki ya sita "ili alale" haumo humu.

Vya kupimia

Nitatumia vitu vitano: mwili wa mtoto, maziwa anayopata, maji na unga ulionao nyumbani, damu na ukuaji wake, na mikono itakayomlisha wewe ukiwa haupo. Umri ndio unaoulizwa kwanza, lakini kwa mazingira ya huku kwetu naona uzito mkubwa uko kwenye kigezo cha tatu, na ndicho kinachosahaulika.

Mwili wa mtoto

Mtoto aliye tayari kula anashika shingo bila kuyumba. Anakaa akiegemezwa, anakiona chakula na kukifuata kwa mkono, na ukimwekea kijiko ulimi wake hausukumi kila kitu nje. Kwa wengi ishara hizi hukutana karibu na miezi sita. Katika mwezi wa nne ni wachache wenye zote kwa pamoja. Wengine uji unarudi kidevuni, watu wanasema "hapendi", kumbe ulimi unafanya kazi yake ya kumkinga asipaliwe.

Kuna ishara zinazodanganya, na hizo ndizo hutajwa zaidi barazani: kutafuna ngumi, kuamka usiku, kukodolea macho sahani ya baba, kutokwa na mate. Mtoto wa miezi mitatu au minne hupeleka kila kitu mdomoni, hata kona ya kanga. Kuamka usiku nako huongezeka kwa wengi kwenye umri huohuo, na uji haujawahi kuwa dawa ya uhakika ya usingizi.

Anayesubiri hadi miezi minane mwili umeshakuwa tayari muda mrefu. Tatizo lake liko mdomoni: mtoto ambaye hajakutana na chakula chenye vipande laini hadi miezi tisa au kumi mara nyingi huwa mgumu kufundishwa, kila kitu anataka kisagwe.

Njiti anahesabiwa tofauti. Aliyezaliwa kabla ya wakati hupimwa kwa tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa pamoja na ishara zake, na muda wa kuanza upangwe na daktari anayemfuatilia. Kwake, kinachoonekana kuchelewa kwenye kalenda huenda si kuchelewa.

Maziwa

Tumbo la mtoto wa miezi minne ni dogo, na kijiko cha uji kinachoingia kinachukua nafasi ya maziwa. Ule uji mwepesi tunaomwanzishia, unga kidogo na maji mengi, una nguvu ndogo kuliko maziwa ya mama. Halafu ziwa linalonyonywa kidogo hutengeneza kidogo. Baada ya wiki chache mama analalamika maziwa yamekauka, na uji ulioletwa kusaidia unageuka wa lazima. Lipo na jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi: kunyonyesha kunasaidia kuchelewesha mimba ikiwa tu mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Ukianza uji mwezi wa nne, usiitegemee tena kinga hiyo.

Hoja ya kiu husikika sana Oktoba na Novemba, jua likiwa kali na mvua bado. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Mtoto mwenye kiu anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama naye anywe maji ya kutosha. Gripe water na maji ya sukari havimo kwenye hesabu.

Kwenye miezi sita hali inabadilika. Maziwa bado yanabeba nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji mtoto hadi afike mwaka, lakini kuna pengo, takriban kilokalori 200 kwa siku kati ya mwezi wa sita na wa nane. Anayesubiri zaidi analiacha pengo hilo likue. Maziwa hayajaharibika wala mama hajapungukiwa chochote; mtoto ndiye amekua.

Kwa mtoto wa maziwa ya kopo, hoja ya kumpunguzia ziwa haina nguvu sana, na chama cha Ulaya cha wataalamu wa tumbo na lishe ya watoto kinaruhusu kuanza wakati wowote kati ya wiki ya 17 na ya 26. Lakini wanaandika wakiwa na maji safi ya bomba kila jikoni. Maziwa ya ng'ombe, ambayo Ugogoni si haba, yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya kutimiza mwaka: chuma chake ni kidogo, na kwa wachanga yanaweza kuchubua utumbo ukavuja damu kidogokidogo.

Maji, unga na sumukuvu

Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki, chanzo kikiwa mahindi yaliyoota ukungu. Kinachoogopesha ni kwamba sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Uji unaotokota dakika arobaini unaua vijidudu, lakini sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje inabaki. Ikiwa kidogo kidogo kila siku haiui mtu papo hapo, ila imehusishwa na saratani ya ini na kudumaa kwa watoto. Kongwa ni miongoni mwa maeneo ambako watafiti wamekwenda kuchunguza suala hili kwenye vyakula vya watoto.

Sasa ufikirie ule unga wa lishe unaouzwa Majengo na Sabasaba: mahindi, mtama, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, wakati mwingine hadi vitu kumi kwenye mfuko mmoja. Watu wanaamini vikiwa vingi ndivyo vinavyojenga. Mimi naona ndivyo vinavyoongeza milango ya kuingilia uchafu. Karanga na mahindi ndiyo makao makuu ya sumukuvu. Mtama na uwele kwa kawaida huwa na afadhali. Karanga zikishasagwa huchacha upesi kwa mafuta yake. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa humsumbua mtoto kuisaga tumboni. Na mtoto akipata upele au akiharisha, utajuaje ni kipi kati ya kumi?

Nafuu ni nafaka moja, uwele au mtama uliokauka vizuri, uliopetwa na kuoshwa, ukasagwa kidogo wa wiki mbili tatu. Karanga zichambuliwe moja moja: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zitupwe kabisa, wasipewe hata kuku. Zisagwe peke yake na ziongezwe kijiko kwenye uji ulioiva. Anayetaka uji mzito unaolika kirahisi aongeze unga wa kimea kidogo: punje zilizolowekwa na kuoteshwa, zikaanikwa, machipukizi na vijizizi vikatolewa kabla ya kusaga, na uji ukachemka tena baada ya kuutia.

Maji ya bomba yatokayo visima vya Mzakwe, au ya kisima cha kijiji, kwa mtoto yachemshwe. Uji wa saa moja asubuhi uliohifadhiwa kwenye chupa ya chai hadi alasiri ni hatari hata kama bado una uvuguvugu. Uvuguvugu huo ndio vijidudu wanaupenda.

Tukilinganisha kwa kigezo hiki, kuanza mapema kunampa mtoto miezi miwili zaidi ya maji, vyombo na unga huu, mwili ukiwa mdogo na kuharisha kukiwa kubaya zaidi. Kusubiri hadi miezi minane kunamkinga kwa muda mrefu kuliko njia zote, lazima tukiri. Miezi sita iko katikati: mtoto anakutana na chakula cha nyumbani pale ambapo hakiepukiki tena. Kwa mwenye jiko safi, maji ya kuchemsha na unga anaoujua ulikotoka, tofauti ya njia hizi inapungua. Kwa anayenunua unga asioujua na kuacha uji kwa mtu mwingine, tofauti ni kubwa.

Damu na ukuaji

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na uzito mzuri huja na akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama, na akiba hiyo huelekea kuisha karibu na miezi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, ingawa kinafyonzwa vizuri. Hapa ndipo njia ya tatu inapoanguka. Mtoto wa miezi minane anayenyonya tu anaweza kuwa amenona mashavu huku damu ikishuka. Uzito haukuonyeshi weupe wa viganja. Kitaifa, utafiti wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na miezi inayofuata ule wa sita ni miongoni mwa ile ambayo watoto huanza kuachwa nyuma.

Wanaotetea mwezi wa nne hutumia hoja hiyohiyo ya chuma, na si hoja mbaya, ila inategemea unampa nini. Uji mtupu wa mahindi na sukari hauongezi damu mwezi wa nne wala wa kumi. Kinachoongeza ni ini lililoiva na kupondwa, nyama iliyosagwa, dagaa waliooshwa mchanga na kusagwa, yai lililoiva hadi kiini, kunde zilizopondwa. Mlenda unasaidia kulainisha, na ubuyu kidogo uliochujwa husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Chai ya rangi hufanya kinyume chake. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo mbili na nusu akiba yake huisha mapema, lakini jibu lake ni matone ya chuma kwa maelekezo ya daktari, siyo uji wa haraka.

Kuhusu mzio, utafiti uliotolewa London mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, waliopewa chakula cha karanga kuanzia kati ya miezi minne na kumi na moja, walipata mzio wa karanga mara chache sana kuliko walionyimwa. Mtoto wako akiwa na ngozi ya namna hiyo, zungumza na daktari kabla ya mwezi wa sita. Kwa wengine, somo lake ni dogo: ukishaanza chakula, huna sababu ya kumnyima yai, samaki au karanga iliyosagwa laini hadi afike mwaka.

Mikono ya kumlisha

Sheria ya kazi ya Tanzania inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa mapacha. Wengi wanaunganisha na siku 28 za likizo ya mwaka, na bado mtoto anaachwa kabla ya mwezi wa nne kwisha. Uji wa mapema unaonekana jibu rahisi, na kwa dada wa kazi ni rahisi kweli. Ila sheria hiyohiyo inampa mama hadi saa mbili kwa siku kazini kwa ajili ya kunyonyesha, na wengi wanaogopa kuziomba. Kazi ikiwa Mtumba na nyumba iko Nkuhungu, saa mbili hizo zinaliwa na barabara. Hapo kukamua ndiko kunakosaidia. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne kwenye chumba cha kawaida, kwa joto letu uhesabu pungufu, au siku nne kwenye friji. Anyweshwe kwa kikombe kidogo, chuchu ya chupa ni ngumu kuisafisha.

Kijijini kazi ni shamba. Kuanzia Desemba hadi Aprili mama yuko Chamwino au Bahi anapalilia, mtoto yuko na bibi. Aliyezaliwa Agosti anafikisha miezi sita Februari, ghala likiwa limebaki mahindi ya mwaka jana na kazi imepamba moto. Aliyezaliwa Desemba anafika Juni, uwele na karanga mpya zimeingia na mama yuko nyumbani. Anayetimiza miezi sita Februari ndiye anayestahili maandalizi ya mapema: nafaka safi itengwe tangu mavuno, na bibi aonyeshwe kijiko na uzito wa uji kabla ya kuachiwa. Kumsogeza hadi Juni ili shamba liishe ni kumsubirisha miezi minne mizima, na hiyo ni mingi mno.

Nani afuate ipi

Mtoto mwenye afya, aliyezaliwa kwa wakati, mama ananyonyesha: siku 180 ndiyo njia yenye sababu nyingi na gharama chache. Ianzie siku mama yupo, Jumamosi kwa mfano, vijiko viwili vitatu vya uji mzito usiomwagika kijiko kikiinamishwa, mara mbili kwa siku, kisha apandishwe hadi nusu kikombe mara mbili au tatu. Ziara ya kliniki ya miezi sita, anapopewa matone ya vitamini A, ni nafasi nzuri ya kuuliza yaliyobaki.

Mama anayerudi kazini mwezi wa nne: jaribu kwanza kukamua. Ikishindikana kabisa, zungumza na mtoa huduma kuhusu maziwa mbadala kabla ya uji. Na ikibidi chakula kianze kwenye mwezi wa tano, mtoto awe na ishara zote, maji yawe ya kuchemsha, na anyonyeshwe kabla ya kijiko.

Mtoto wa maziwa ya kopo, au mwenye ukurutu mkali: kuanza kabla ya miezi sita kunazungumzika, lakini mezani kwa daktari, si barazani.

Mama anayeishi na VVU: maziwa pekee hadi miezi sita na dawa kila siku bila kuruka. Kuchanganya uji na ziwa kabla ya hapo kunaongeza hatari. Kama ameshachanganya, asiache kunyonyesha wala dawa; aende kliniki.

Mtoto anayeumwa siku anapotimiza miezi sita, ana malaria au anaharisha: kusubiri hadi apate nafuu hakuna ubaya, anyonye zaidi. Siku chache, siyo mwezi. Hii, pamoja na njiti, ndiyo nafasi halali ya njia ya tatu.

Na yule wa jirani mwenye miezi minane aanze wiki hii. Asipewe mwezi mzima wa uji mwepesi eti anazoeshwa. Baada ya siku chache za kuonja apandishwe haraka kwenye vilivyopondwa vyenye ini, dagaa au yai. Zabibu, ambazo kwetu kila mgeni huleta, zipasuliwe kwa urefu vipande vidogo na mbegu zitolewe. Karanga nzima asipewe kabisa, na asali asipewe hadi atimize mwaka. Viganja vikiwa vyeupe, au akikataa kijiko kwa wiki mbili mfululizo, apelekwe kituo cha afya akapimwe damu.